Sauti Sikioni mwa Bupe

Bupe hakuwa na wakili katika shauri lake la talaka, lakini hakimu alipomtaka ajibu hoja za upande wa pili alisimama bila kutetemeka. Ndani ya sikio lake la kulia mlikuwa na Mnong'onezi, mtambo mdogo kama punje ya mtama. Mtambo huo ulisikia kila neno lililosemwa mahakamani, ukalipima kwa sheria za nchi na hukumu zilizowahi kutolewa, kisha ukamnong'oneza mwenye shauri neno la kusema.

"Mheshimiwa," Bupe alisema, "kiwanja kina jina la mume wangu, ila nyumba tuliijenga pamoja tukiwa ndani ya ndoa. Matofali nilisomba mimi."

Wakili wa mumewe alipekua karatasi zake. Hakimu akaandika, kisha akatamka kwamba Bupe ana haki katika nyumba hiyo.

Kwenye benchi la nyuma, Subilaga Mwakalinga alisikiliza kila neno. Kwa miaka mingi alikuwa akiendesha ofisi ya msaada wa kisheria hapa Mbeya, karibu na kituo cha magari ya kamba, yale yanayoning'inia hewani kuupanda mlima Loleza. Wanawake wasio na uwezo wa kuweka wakili walikuwa wakimiminika kwake, naye aliwafundisha jinsi ya kujitetea: simama wima, mtazame hakimu, usibishane na mumeo, jibu ulichoulizwa. Wahandisi walipomwomba wamrekodi ili mtambo ujifunze kwake, alikubali kwa moyo mkunjufu. Alidhani anapata msaidizi.

Sasa benchi la ofisini kwake lilikuwa tupu. Bupe alikuwa wa mwisho kuondoka.

"Usinielewe vibaya, dada," alikuwa amemwambia siku ile. "Wewe unaniambia nije Alhamisi. Huyu Mnong'onezi nikimuuliza hata nikiwa jikoni, ananijibu."

Subilaga alitabasamu na kumtakia heri. Alipobaki peke yake aliusukuma mlango kwa nguvu mpaka kioo kikalia. Hakuwahi kumwonea wivu mwanamke mwenzake kwa mume wala kwa mali. Siku hiyo alikionea wivu kitu kisicho na hata uso.

Mahakama ilipoahirishwa kwa muda, alimkuta Bupe ukumbini. Binti yake Tumpe, mwenye miaka tisa, alikuwa dirishani akitazama magari ya kamba yakipita juu ya paa.

"Umeshinda nyumba," Subilaga alisema. "Bado mtoto."

"Huyo pia nitampata. Mnong'onezi ameshaniambia njia." Bupe alishusha sauti. "Siku moja baba yake, Ndele, alimwacha peke yake nyumbani, akaenda zamu ya usiku kule kituo cha setilaiti. Tumpe atasema mwenyewe mbele ya hakimu. Sheria mpya inaniruhusu kumuuliza."

"Wewe ulijuaje?"

"Aliniambia." Bupe alitupa jicho dirishani. "Akaniomba nisimwambie mtu."

"Basi usimuulize. Mwite jirani, waite walimu wake. Ni njia ndefu, lakini mtoto hataingia katikati yenu."

Bupe aliinamisha kichwa, akisikiliza sikioni. "Anasema bila Tumpe naweza kushindwa."

"Anaweza kuwa sahihi. Hata hivyo, usimuulize."

Bupe alimtazama usoni. "Dada Subilaga, unasema haya kwa ajili ya mwanangu, au kwa sababu hujazoea kuachwa?"

Subilaga alitaka kukana, akaacha. "Yote mawili," alijibu.

"Angalau umesema ukweli," Bupe alisema, akamshika binti yake mkono, wakaingia ndani.

Tumpe alikalishwa kwenye kiti kidogo kando ya hakimu. Baba yake, mwanaume mrefu aliyevaa sare za kazi, alimpungia mkono kwa siri, na mtoto akacheka. Bupe alisimama. Maneno yaliyomtoka yalikuwa laini na yamepangwa vizuri, na Subilaga aliyatambua. Hivyo hasa ndivyo yeye alivyowafundisha wanawake kuuliza.

"Tumpe, umewahi kulala peke yako nyumbani kwa baba?"

Mtoto alimtazama mama yake. Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

"Jibu tu ukweli, mwanangu."

"Ndiyo," Tumpe alisema. "Ila nilikuambia wewe tu."

Ndele alifunika uso kwa viganja. Haikuchukua muda, hakimu akatamka kwamba mtoto atakaa na mama yake.

Kule nyuma, Subilaga alishtushwa na jambo moja: alikuwa amefurahi. Mtambo ulikuwa umeshinda shauri lakini umemuumiza mtoto, na yeye alikuwa ameonya mapema. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipomwona Bupe akimnyooshea binti yake mkono, na Tumpe akificha wake mgongoni.

Nje, kwenye ngazi, Bupe aliunong'oneza mtambo, "Nifanye nini sasa? Haongei na mimi." Akasubiri. Kisha akalichomoa lile dude sikioni.

"Amesemaje?" Subilaga aliuliza.

"Amenipa hongera. Anasema shauri limefungwa."

Subilaga alikuwa na maneno mengi tayari, yote ya kweli, na yote yangeuma. Aliyameza. Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Tumpe, unataka nini sasa hivi?"

Mtoto alitazama viatu vyake. "Baba amenikasirikia?"

"Sijui. Tukamuulize?"

Tumpe hakumjibu yeye. Alimtazama mama yake kwa mara ya kwanza tangu watoke mahakamani. Chini kabisa ya ngazi, Ndele alikuwa ameketi, kofia mkononi, hajui aende wapi.

"Nenda," Bupe alisema. "Mwambie ni mimi niliyetoa siri, siyo wewe."

Mtoto alishuka akikimbia. Bupe alitaka kumfuata, lakini Subilaga alimshika kiwiko, wakasimama pale wawili, wakitazama.