Kaseti ya Mlinzi wa Taa

Saa saba mchana duka la fotokopi lilikuwa limejaa watu mpaka mlangoni, na mashine kubwa ilikuwa imekwama na nusu ya mwanamke. Nusu ya juu ilikuwa imetoka: macho, pua, nywele zilizofungwa kwa waya wa fedha. Nusu ya chini ilibaki tumboni mwa mashine. Mwenye picha, kijana mrefu aliyevaa shati la bluu lililopauka mabegani, alikuwa ameinama akiivuta taratibu kama mkunga.

"Kaka, na sisi tuna kazi," alisema dada aliyesimama nyuma yake. Alivaa koti jeupe na viatu vya rangi ya chungwa, na mkononi alishika ile karatasi ya herufi kubwa na ndogo wanayosomeshwa watu wanaopimwa macho.

"Dakika moja tu. Nikivuta kwa nguvu atachanika."

"Atachanika nani?" Dada akachungulia, kisha sauti ikamshuka. "Huyu namjua. Huyu ni Mlinzi wa Taa."

Kijana alinyanyuka ghafla akajigonga kichwa kwenye mfuniko. Katika miaka yake thelathini na miwili hakuwahi kukutana na mwanamke wa rika lake anayemjua Mlinzi wa Taa bila kuelezwa.

Wewe acha nikueleze. Zamani kulikuwa na kipindi cha televisheni cha chombo kilichozurura angani, kila wiki sayari mpya, nyingine zimetengenezwa kwa maboksi na unaona kabisa. Katika sehemu moja ya kipindi hicho alitokea mwigizaji mgeni, akacheza mwanamke anayelinda taa ya kuongozea vyombo kwenye sayari ya vumbi. Nahodha anampenda. Yeye anabaki ili taa isizimike, nahodha anaondoka zake. Dakika hamsini, basi. Mwigizaji yule alifanya mengine mengi maishani, lakini alipofariki, waliomlilia zaidi walikuwa watu wa zile dakika hamsini. Kijana wetu alikuwa mmoja wao. Kwa kazi alikuwa fundi wa sauti redioni. Kwa ugonjwa, maana sioni neno jingine, alikuwa katika kikundi cha watu kumi na mmoja waliokuwa wakiandaa Jumapili ya kumkumbuka.

"Picha tunazo zote," alimwambia wakisubiri mashine ifunguliwe. "Ila dakika kumi za mwisho hazina sauti. Anaaga, midomo inacheza tu. Tumetafuta kila mahali."

"Mimi ninayo," alisema yule dada mpima macho.

Mama yake alikuwa na tabia ya kuweka redio kaseti mbele ya televisheni na kurekodi. Alifariki binti akiwa na miaka sita. Kaseti ilibaki, na binti hakuwahi kuicheza, kwa sababu aliambiwa ukanda umezeeka na huenda ukavumilia kuchezwa mara moja tu.

"Na sikupi," aliongeza, akachukua karatasi zake akaondoka.

Kabla ya kutoka alimwachia namba ya simu, hata hivyo. Wiki tatu zilizofuata zile simu zilichoka. Fundi alikwenda kupimwa macho bila kuumwa macho.

"Soma mstari wa chini."

"Siuoni. Nakuona wewe."

"Hiyo si herufi, mpenzi. Soma."

Akasoma yote bila kukosea. "Macho yako mazima," aliambiwa. "Unanipotezea wagonjwa."

Wiki ya mwisho mpima macho alimletea kaseti, imefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa cha kahawia. "Ikikatika, ikatike kwako. Nitaisikia Jumapili, pamoja na watu. Peke yangu siwezi."

Habari za mama yake hakuwahi kuzitaja. Aliona mtu mwenye masikio ya kazi hahitaji kuambiwa.

Ukanda ulicheza mara moja na mwishoni ukakatika kweli, lakini kila kitu kilikuwa kimeshaingia kwenye kompyuta ya studio. Mlinzi wa Taa alikuwemo, anaaga. Juu yake kulikuwa na kiti kinachoburutwa, mtoto anayekohoa, na mwanamke fulani wa nyumbani anayeongea bila breki. Fundi alishughulika siku mbili. Aliondoa kiti, akaondoa kikohozi, akamwondoa yule mwanamke neno kwa neno. Saa zote hizo alikuwa akimsikiliza marehemu mmoja tu.

Jumapili ukumbi wa ghorofani kwenye maktaba ulijaa. Mpima macho alivaa gauni la kijivu linalong'aa na kile kitambaa cha kahawia kichwani, akakaa mstari wa mbele. Dakika kumi zilipofika, sauti ya Mlinzi wa Taa ilitoka safi kama ya jana. Watu wazima walifuta machozi. Yeye alikuwa ameegemea mbele, anasubiri, mpaka taa zikawashwa.

Fundi alimfuata, uso umejaa furaha. "Umesikia?"

"Mama yuko wapi?"

"Mama nani?"

"Mama yangu. Kulikuwa na mwanamke anaongea."

"Ah, yule. Nilimtoa. Siku mbili nzima, lakini hata pumzi yake haikubaki."

Alilisema kwa fahari, maskini. Kisha akaona uso wa mwenzake na fahari ikamwisha.

"Sauti yake sina popote pengine," alisema mpima macho polepole. "Sikumbuki hata ilikuwaje. Ulimsikiliza siku mbili, hukumsikia?"

"Mpenzi, sikujua..."

"Macho nilikupima mwenyewe. Kumbe ningeangalia masikio."

Viatu vya chungwa vikashuka ngazi. Fundi alibaki amesimama mpaka mwalimu mstaafu, kiongozi wa kikundi ambaye wote walimwita Nahodha, alipomsukuma bega. "Mwanangu, unasubiri akuandikie barua?"

Hapo ndipo akakumbuka. Fundi wa sauti akisafisha, hukihifadhi pembeni kile alichokiondoa, akisikilize, ahakikishe hakukata maneno ya mhusika. Yeye faili hilo huliita taka. Akimaliza hulifuta, na akisahau, kompyuta ya studio hulifuta yenyewe kila Jumapili saa kumi na mbili jioni. Sasa ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Je, alilifuta? Hakukumbuka.

Akapiga simu akikimbia. Ikaita. Akapiga tena, ikakatwa. Akaandika "naomba nusu saa", akakosea herufi, akatuma hivyohivyo. Pikipiki ikamfikisha nusu njia, ikazima. Akakimbia tena. Mlangoni mlinzi akamwomba kitambulisho, nacho kilikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa maktaba.

"Mzee, unanijua miaka saba."

"Nakujua. Kitambulisho ndicho sikijui." Ilibidi aitwe mtangazaji wa zamu ashuke kumtambua.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tisa alifungua kompyuta. Faili lilikuwepo. Akalinakili mara tatu, maana fundi ni fundi, kisha akapiga namba ya mpima macho kwa simu ya mezani.

"Haloo, nani?"

"Usikate. Mimi sisemi kitu."

Akaweka mkono wa simu kwenye spika, akabonyeza.

Kiti kiliburutwa. Kisha mwanamke akacheka, karibu kabisa. "Toka mbele ya redio, mama, unaziba. Vua viatu kwanza. Njoo ukae hapa." Mtoto akakohoa. Ukafuata ukimya mrefu, pale Mlinzi wa Taa alipokuwa anaaga, sasa hayupo. Kisha yule mwanamke tena, amekasirika kweli: "Rudi basi, mjinga wewe. Mtu anakupenda namna hiyo unamwacha peke yake? Huna hata aibu. Shuka umfuate."

Upande wa pili kulikuwa na kilio, na katikati ya kilio kicheko kilekile cha kwenye kaseti. Fundi alikisikia. Safari hii alikisikia.

"Aliniita mama," alisema mpima macho.

"Alikuita mama."

"Hapo mwisho anamsema nahodha. Alikuwa anamgombeza kila mara." Akavuta kamasi. "Lakini kwenye sauti hii nahodha ulishamtoa."

"Nilimtoa."

"Basi kwenye chumba hicho umebaki wewe tu wa kugombezwa."

"Uko wapi?"

"Kazini. Nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa, gizagiza hivi. Umemsikia mama, au nikupime?"

"Nimemsikia."

"Rudisha mwanzo kwanza."

Akarudisha mwanzo. Mkono wa simu akauacha palepale kwenye spika, mama akiongea, ili binti asikae peke yake njia nzima. Kisha akashuka ngazi, akamfuata.