Jina Lililohama

Mkufu ulipohisi uchungu umeanza, haukumsubiri mama apige kelele. Uliita jina.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Mbeya miaka hiyo. Kila mjamzito alivaa mkufu-mlezi, uzi mwembamba mweupe uliosikiliza moyo wa mtoto mchana na usiku. Wakati ukifika, mkufu uliita jina la mkunga, na kitiruka chake, kiti chenye mapanga manne yanayozunguka juu, kikawaka chenyewe pale nje. Kazi ya mkunga ilikuwa kukaa na kufunga mkanda. Dakika tisa, yuko milimani Umalila.

Sekela Mwakalinga alizalisha hivyo miaka kumi na miwili na hakuwahi kuchelewa. Jina lake, mkunga-sekela, lilikaa kwenye Daftari la Majina, kumbukumbu moja kubwa iliyoziambia mashine zote nani yuko wapi. Mikufu haikumjua kwa sura. Ilijua jina, basi.

Jumatatu moja akaletewa barua ya karatasi.

Siku hizo karatasi hazikuja ovyo. Uongo wote wa kwenye simu ulichujwa na mchekecho, akili ya mashine iliyosoma kila ujumbe kabla yako, mpaka watu wakasahau kutapeliwa kukoje. Karatasi ilitoka serikalini tu. Tarishi wa chuma akibisha hodi, unaacha unachofanya, unasimama, unapokea kwa mikono miwili. Sekela akafuta unga mikononi, akasimama, akapokea.

Juu kulikuwa na muhuri wenye ngao na mwenge. Chini yake, kwa wino mwekundu: Taarifa ya mwisho. Jina lako, mkunga-sekela, linakaribia kufutwa. Weka kidole hapa kabla ya Ijumaa.

Wanawake arobaini na watatu walikuwa wanalitegemea hilo jina. Mumewe, Ambakisye, alimwambia aisome yote kwanza, yeye akamjibu kuwa barua ya serikali haijadiliwi. Akaweka kidole.

Mwisho kabisa wa ukurasa, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, ilikuwa imeandikwa kwamba hii si barua ya serikali, ni tangazo la biashara, na kwamba anayeweka kidole amekubali jina lake lihamie kampuni ya Jina Bora.

Jumatano kitiruka hakikuwaka kabisa. Sekela alidhani leo ni siku nyepesi, akafua. Saa nne asubuhi Gwamaka, kijana wa Umalila, akaingia uani na pikipiki, tope mpaka kwenye nyusi. Hakumwamkia.

"Mkunga, tumekukosea nini?"

"Nani kaniita?"

"Mkufu wa Atupele. Toka alfajiri. Taa ya kijani imewaka, ukaandika wito umepokelewa. Tukakaa tunakusubiri wewe."

Sekela akaruka na kitiruka, akakiendesha kwa mkono. Alipofika, mtoto alikuwa ameshatoka, msichana, mzuri, hapumui, kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Kitu cha kulegeza kwa kidole kimoja. Mama mkwe wa Atupele alikuwa amembeba kwenye khanga na hakutaka kumpa mtu. Atupele alipona.

Jioni yake Sekela alipiga simu Jina Bora. Mashine ikamjibu kwa sauti laini, kama ya muuguzi, kwamba hawakumficha kitu, maelezo yote yapo chini ya ukurasa. Akauliza wito wa Atupele ulipokelewa na nani.

"Ulipokelewa salama, mama. Tumeupeleka kitengo cha wateja wapya."

Hakuelewa. Aligombana nao siku mbili mpaka jina likarudishwa, na usingizi wake haukurudi. Kule Umalila aliwaambia watu kuwa mitambo ilikuwa na hitilafu. Walimwonea huruma, wakamfungia ndizi za kurudi nazo, na kila ndizi ilikuwa chungu kinywani mwake.

Wiki iliyofuata alikuwa kwa Atupele anamkanda tumbo, hodi ikabishwa. Tarishi wa chuma. Mama mkwe akasimama, akanyoosha mikono yote miwili, akaileta bahasha ndani kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa.

"Ya nani?" Atupele akauliza.

Mama mkwe hakujua kusoma vizuri. Akampa Sekela.

Muhuri ulikuwa uleule, ngao na mwenge. Kwa wino mwekundu: Kwa mtoto aliyezaliwa Jumatano. Hongera. Jina lako bado halina ulinzi. Taarifa ya mwisho.

Hapo ndipo akaelewa wito ulikokwenda: mteja mpya alikuwa huyu mtoto.

"Nisomee basi, mkunga," Atupele akasema. "Ni ya serikali? Inamhusu mtoto?"

Sekela angeweza kuikunja. Angeweza kusema imekosea nyumba, na wangemwamini, kama walivyoamini hitilafu. Badala yake akaketi sakafuni, kando ya kitanda cha yule binti, akatandika barua magotini.

"Si ya serikali," akasema. "Na mimi nililetewa kama hii, mwanangu. Nikaisoma juu tu, nikaweka kidole. Mitambo haikuwa na hitilafu."

Mama mkwe, aliyekuwa bado amesimama kwa heshima, akakaa taratibu. Mkono wa Atupele ukapanda shingoni, pale mkufu ulipokuwa.

"Soma," akasema. "Nataka kusikia yote."

Sekela akainamia karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa, akaanzia chini, kwenye zile herufi za ulezi.