Kufuli la Danford

Siku hiyo nilikuwa napembua maharage nyuma ya nyumba, hapa Misunkumilo, jua la saa nne. Mjukuu wangu Venant alikuwa kwenye kastudio kake, kale kachumba alikobandika trei za mayai ukutani, anasafisha sauti ya marehemu mama yake. Binti yangu Dorotea aliimba kwaya miaka ishirini. Kilichobaki ni wimbo mmoja tu kwenye simu, umejaa kelele za pikipiki. Tulitaka tuusikie siku ya kuganduka, tunapomaliza matanga yake.

Mimi sikusoma, ila nikielezwa naelewa. Programu ya kusafishia sauti aliitengeneza Danford, kijana wa Kabungu. Kila aliyenunua alipewa namba yake ya kuifungulia. Venant hakununua. Alilivunja lile kufuli, akaigawa kwa flashi studio zote za Mpanda. Danford akampigia simu, nami nimekaa palepale.

"Kaka Venant, naumwa. Hiyo programu ndiyo dawa yangu. Acha kuigawa, nakuomba."

"Si uongeze kufuli, mtaalamu?" Venant akacheka.

"Nimeongeza jingine. La nyumbani kwetu." Akakohoa weee, akakata.

Mwezi uliofuata akafa. Msibani hatukwenda. Nalisema hili huku najichukia.

Basi, maharage hayajaisha, Venant akaniita. Wimbo ulikuwa umetoka safi, Dorotea kama yupo pale kwenye kiti. Nililia.

"Rudia, baba," nikamwambia.

Akarudia. Neno la kwanza halikuwepo. Mahali pake, mtu alikohoa.

"Ni kirusi tu, Bibi."

Tukarudia tena. Ubeti mzima umekwenda. Kikohozi. Akafungua ule wa kwenye simu, ambao haujaguswa. Kikohozi. Akachomoa umeme.

Spika zikakohoa.

Mchana uleule tulipanda bodaboda hadi Kabungu. Marsela, mama yake Danford, alikuwa anamenya muhogo. Hakutukaribisha.

"Mama Danford," nikasema, "tumekuja kuomba msamaha. Mwanangu nilishamzika. Usinifanye niizike na sauti yake."

"Alichozindika mwanangu anafungua mwanangu. Nendeni mkamwamshe."

Venant akapiga magoti. Marsela hata kumtazama hakumtazama.

"Miezi minne alikohoa humo ndani," akanong'ona, akiuelekezea kisu mlango wa chumba. "Nyie mlikuwa mnaichezea programu yake. Nani alikuja kugonga?"

Ndipo nikasikia.

Nyuma ya mlango, Dorotea anaimba. Polepole. Kwa Kirundi chetu. Maneno yote yapo.

"Ameanza leo asubuhi," Marsela akasema, kisu kinaendelea na muhogo. "Neno mojamoja. Angalau mmoja wa nyumba yenu amekuja kumwona mgonjwa."

Nikausukuma mlango.

Kimya.

Hakuna redio. Hakuna simu. Dirisha limepigwa misumari. Kulikuwa na kitanda cha marehemu tu, kimetandikwa, na kigoda kimesogezwa karibu na mto, kama mtu anavyokaa akimwuguza mwenzake.

Nikainama, nikakigusa kile kigoda.

Kilikuwa na joto.