Nyasi za Mwalimu Yeremia

Chini ya rangi kulikuwa na tuta. Ida alikuwa katika mwezi wa pili akinakili picha iliyochorwa na mwalimu wake wa uchoraji, Yeremia, pale chumbani kwa mzee huyo Mabwerebwere, na siku hiyo kidole chake kilipopita juu ya nyasi za rangi ya mafuta, kilipapasa umbo la paa, kuta, na mlango unaotazama mlima, kama ule wa kwao.

Hasira ikampanda. Bonde lile la kwenye picha, la kuelekea Mikumi, alilijua. Ndiko alikozaliwa, ndiko malori ya operesheni ya vijiji yalikowasomba mwaka 1974, na kurudi kukapigwa marufuku. Tangu hapo mama yake, Magreti, alikuwa akififia, na ombi lake lilikuwa moja tu: aione nyumba yake kabla hajafa. Kumbe Mwalimu Yeremia aliichora, kisha akaifunika ili kuwafurahisha wakubwa! Mnafiki mkubwa yule!

"Nakili unachokiona," Yeremia alizoea kumwonya. "Usiongeze hata jani."

Ida akaongeza nyumba nzima kwenye nakala yake, mlango umefungwa, akaipeleka nyumbani ikiwa bado mbichi. Magreti alilia kwa furaha, na mchana huo akala akashiba.

Kesho yake chumba kilinuka moshi wa nyasi mbichi. Mlango wa kwenye picha ulikuwa wazi kidogo.

"Mama, umeigusa?"

"Sijaigusa," Magreti alinong'ona. "Lakini kuna mtu ananiita humo. Analijua jina langu la utotoni."

Siku ya tatu, saa sita mchana kweupe, Ida alirudi kutoka bombani akakuta mkeka mtupu na kanga ya mama yake sakafuni, na alipoinua macho, huku moshi ukimkaba koo na kitu kama kwato kikikwaruza nyuma ya kitambaa cha picha, alimwona mwanamke mdogo kama punje ya mchele akiinama kuingia mlangoni, na nyuma yake, akimsukuma taratibu, mrefu kuliko paa, mwenye miguu ya punda, mtu ambaye hakuwa mtu.

Akaibeba picha mbio hadi kwa Yeremia. Hata shikamoo hakutoa.

"Mtoe mama yangu!"

Mzee aliitazama, akaketi. "Mlipohamishwa, mahame yale yalipata mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikwenda kuichora nyumba bila kubisha hodi, akanifuata. Ifunike kwa nyasi, Ida, kabla hajatoka kutafuta mwingine."

"Mama yumo ndani!"

"Najua."

"Unajua nini wewe, mzee katili?"

Yeremia akaonyesha picha yake ukutani. "Mke wangu, Hildegarda, yumo humo. Ulidhani alinikimbia, kama watu wanavyosema? Rangi ya mafuta hukauka polepole, mwanangu. Alinigongea wiki tatu."

"Na ukaniacha niinakili!"

"Nilikuambia usiongeze."

Ida alimchukia kuliko yale malori. Lakini kwenye picha yule mrefu alikuwa ametoka tena, peke yake, na sasa alikuwa mkubwa kama kidole gumba, akija.

Akachovya brashi kwenye kijani. Alipaka jani kwa jani akimtukana Yeremia, akiitukana operesheni, akiutukana mkono wake mwenyewe, akamfunika yule wa kwato, akafunika paa, akafunika kuta. Alipofika kwenye mlango, kukagongwa kutoka ndani ya picha.

"Ida, mwanangu," mama yake aliita kwa upole, "mbona unanifungia? Ndiyo kwanza nimefika nyumbani."

Ida akaendelea kupaka.