Aliyemjibia Mwenye Saluni

Lilianza kama jambo dogo tu. Mteja aliingia asubuhi, akaketi, akauliza, "Za tangu juzi, dada?" Kabla mwenye saluni hajafungua kinywa, jibu likatoka: "Nzuri kabisa, mpenzi." Sauti ilikuwa yake. Aliyejibu hakuwa yeye.

Akajicheka, akasema ni uchovu. Tangu mumewe aende zake, saluni ndiyo iliyokuwa mume, ndiyo nyumba. Kutwa wanawake waliinamisha vichwa kwenye sinki lake wakamwaga ya moyoni: kuachwa, kufiwa, watoto wasiosikia. Aliyapokea yote huku akisuuza povu. Yake hakuwa na wa kumpa. Usingizi ulimpaa, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa.

Mchana mmoja, wateja wakiwa hawapo, akamshika mkono mdogo wake, msusi wa pale pale. Alitaka kumwambia, nisaidie, naogopa. Puani pakajaa harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na ulimi ukajigeuza wenyewe mdomoni.

"Hebu nione kucha zako," sauti ikasema. "Zimependeza!"

"Dada, uko sawa? Mbona mkono wa baridi hivi?"

"Nisiwe sawa kwa nini?" Ikacheka, kicheko kirefu, kitamu.

Mdogo mtu akarudi nyuma. "Dada yangu hacheki hivyo," akanong'ona.

Kesho yake akamleta mganga, mama mnene mwenye sifa ya kutoa majini sugu. Mwenye saluni alipomwona mlangoni alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mganga akafunga mlango, akamkazia macho.

"Wewe uliyemo humo, ni nani?"

"Mimi? Mwenye saluni. Na wewe, ni nani aliyekusuka ovyo namna hii?"

Mganga akajikuta anacheka. Akaketishwa, akafumuliwa nywele, akakandwa kichwa taratibu, na polepole akaanza kueleza jinsi mgongo unavyomuuma na jinsi mwanawe asivyompigia simu, ilhali mwenye saluni, amefungiwa ndani ya mwili wake mwenyewe, anaiona mikono yake ikichezacheza kwenye kichwa cha mtu pekee aliyekuja kumwokoa, anapiga kelele, anajibamiza kwenye meno yake kama mtu anayebamiza mlango, wala hata mdomo hautetemeki, wala chozi halitoki, ila tabasamu tu, tabasamu lililotulia kwenye kioo.

Mganga akasimama akijigusa mistari mipya ya nywele. "Hana jini huyu," akamwambia msusi. "Mzima kunishinda mimi. Apumzike tu."

Akaondoka.

Mdogo mtu akaegemea ukuta, mabega yakamlegea. "Nilidhani nimekupoteza, dada. Siku hizi hata mimi silali. Nikilala naamka nimelowa jasho, na sijamwambia mtu."

Mwenye saluni alijikusanya kwa nguvu zote zilizobaki, atamke neno moja tu: kimbia. Badala yake alisikia bomba likifunguliwa, na vidole vyake vikipima joto la maji.

"Njoo uinamishe kichwa, mdogo wangu," sauti ikasema kwa upole ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuwa nao. "Nieleze yote. Mimi sichoki."

Na mdogo wake akaja.