Kalibu za Mama na Picha Nyepesi

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alifagia vipande vya ngozi na vumbi la mbao katika karakana ya mama yake, ambayo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake, maana tangu aanze kusema, ulimi wake haukuwahi kupumzika. Mama yake alikuwa fundi wa viatu, lakini si viatu vya kila mtu. Alishona viatu vya watoto ambao mguu mmoja umepinda, au ni mfupi kuliko mwenzake. Kwa kila mtoto alichonga kwanza kalibu, yaani umbo la mguu wake kwa mti, kisha akashonea kiatu juu yake. Kalibu hizo zilijaa ukutani. Nyingine zilikuwa za watoto ambao sasa wameota ndevu, na hakuna hata moja iliyowahi kuwa kuni.

Mjomba alikuwa mpiga picha. Ndiye aliyeitengenezea karakana tovuti, ili wazazi walio mbali waione kazi ya dada yake bila kusafiri. Shida ni kwamba picha zilikuwa nzito. Zilifunguka kwa kujivuta, mstari baada ya mstari, na wazazi wengi walichoka kabla hata hawajaona kisigino.

Siku moja mjomba alimwita Chiriku mbele ya kompyuta. Alimweleza kuwa picha hufungashwa kama nguo ndani ya sanduku. JPEG ni ufungashaji wa zamani, na kila kompyuta inajua kuufungua. AVIF ni mpya, na hukunja vizuri zaidi. Kisha akaweka picha mbili za kiatu kilekile chekundu, moja ya JPEG na nyingine ya AVIF.

Chiriku alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alihesabu matundu ya kamba. Alifuata mshono kuanzia kidoleni hadi kisigino, uzi kwa uzi. Hakuona tofauti yoyote. Mjomba akamwonyesha uzito: ya zamani kilobaiti mia nne, mpya sabini.

"Sasa kilobaiti zile nyingine zimekwenda wapi, mjomba?"

"Yameondolewa yale ambayo jicho lako haliyaoni," mjomba akajibu. "Aliyebuni hesabu za kufungasha hivi alilijua jicho lako kuliko unavyolijua wewe."

Chiriku alinyamaza kimya. Mjomba akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Lakini mtoto hakuwa mgonjwa, alikuwa amestaajabu tu.

Mjomba alimpa kazi ya kubadili picha zote thelathini, huku akimwonya aziache za zamani palepale mpaka atakaporudi kumalizia ukurasa. Chiriku alifanya kazi siku tatu bila kuchoka. Alipomaliza, aliziweka mpya kwenye tovuti, akazitazama zile nzito na kuona zinajaza nafasi bure. Akazifuta zote. Alijaribu ukurasa kwenye kompyuta mpya ya mjomba, ukafunguka kufumba na kufumbua, naye akatembea siku nzima kama mwenye mji.

Kesho yake, saa saba mchana, simu ya mama ililia. Aliyepiga alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya mbali. Alikuwa na mama mmoja na bintiye wa miaka minne, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Mama yule alikuwa ameambiwa na majirani kwamba viatu hivyo ni vyuma vya kutesa watoto, hivyo alikataa binti apimwe mpaka avione kwa macho yake. Gari lao lingeondoka saa tisa. Muuguzi alikuwa amefungua tovuti kwenye kompyuta ya zahanati, na badala ya viatu aliona visanduku vitupu. Simu yake nayo ilikuwa ya vitufe, haipokei picha.

Mama, mikono imejaa gundi, alimgeukia Chiriku kumuuliza kuna nini.

"Labda mtandao wao mbovu," Chiriku akasema, macho yakiwa sakafuni.

"Mtandao mzima, dada," sauti ya muuguzi ikasikika kwenye spika ya simu. "Maandishi yote nayaona. Hii kompyuta yetu ndiyo kongwe."

Chiriku alielewa sasa: kompyuta ile haikujua kufungua ufungashaji mpya, na ule wa zamani alikuwa ameufuta kwa mkono wake. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua leo. Lakini aliiwaza miguu ya mtoto yule ikipanda gari na kwenda zake.

"Mama, mtandao hauna kosa," alisema. "Ni mimi. Mjomba alinikataza kufuta picha za zamani, nami nikazifuta."

Mama hakugomba. Alimpigia mjomba, naye akafika anahema, mfukoni ana diski ndogo yenye picha zote za asili. Alizirudisha za JPEG, kisha akaandika mistari michache kwenye ukurasa, Chiriku akisoma begani kwake. Ukurasa sasa ungeiuliza kila kompyuta: waijua AVIF? Ikiijua, ipewe hiyo. Isipoijua, ipewe JPEG. Chiriku aliisoma mistari ile mara tatu. Kumbe ukurasa mmoja ungeweza kumpokea kila mgeni kwa kadiri ya uwezo wake!

Saa nane na nusu muuguzi alipiga tena. Picha zilikuwa zinajivuta, lakini zinafunguka. Halafu ikasikika sauti ndogo kwa mbali: "Mama, chekundu ndicho changu?" Na sauti ya mtu mzima ikasema taratibu kwamba haya, apimwe.

Vipimo vilipofika, mama alichonga kalibu mpya, ndogo ya kuenea kiganjani. Alimpa Chiriku aitundike ukutani.

"Unajua kwa nini sichomi kalibu za zamani?" aliuliza. "Mguu ukinibishia, narudi kwenye umbo la kwanza. Kipya ni kizuri mwanangu, kipokee. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao, maana wapo watu ambao bado wameukalia. Na ukikosea, sema mapema. Siku ile ungechelewa kusema kwa saa moja tu, msumari huu ungebaki mtupu."

Chiriku alitundika kalibu kwenye msumari, akasimama akiitazama. Siku hiyo hakusema neno mpaka wakati wa chakula.