Plagi Nyeupe

Kila nikitoka shuleni nilivua sare, nikala, kisha nikaenda karakanani kwa baba, kando ya ufuko. Baba ni fundi wa injini za majini. Kazi yangu ilikuwa kusafisha plagi zinazotoa cheche za kuwasha injini na kuzikagua, maana aliyaamini macho yangu kuliko ya kaka, mtu wa pupa asiyejua kungoja.

Wiki ile kaka alikuwa amebadilisha ekzosi ya pikipiki yetu ya maji ili iende kasi na ingurume zaidi. Baba alipoisikia alicheka, akasema debe tupu haliachi kuvuma. Kisha akaacha kucheka. Alitueleza kwamba ekzosi ile, bomba la kutolea moshi, ingeifanya injini ivute hewa nyingi, na kabureta, inayochanganya hewa na petroli, isiporekebishwa, petroli haitatosha. Injini itachemka mpaka pistoni ikwame au itoboke. Kwa hiyo kila baada ya jaribio plagi ifunguliwe. Ikiwa ya kahawia, ni salama. Ikiwa nyeupe, chombo kisitoke.

Jumamosi asubuhi kaka alizunguka kidogo karibu na ufuko, akarudi. Nilifungua plagi ikiwa bado ya moto. Ilikuwa nyeupe kama chaki. Kaka aliiona, akanitazama. Alikuwa ameniahidi kunipakia jioni, nami nilikuwa nimeshawatambia wenzangu darasa zima. Baba, aliyekuwa ameinamia injini ya mteja, aliuliza ina rangi gani.

"Ya kahawia, baba," nikasema.

Niliirudisha plagi, kaka akaondoka kwa kasi. Tulisikia ngurumo ikienda mbali, ikapanda ikawa mlio mwembamba, halafu ikakatika. Baba alisema huenda amezima apumzike, akaendelea na kazi. Mimi niliona upepo unavuma kuelekea kwenye miamba iliyo mbele ya ufuko, na chombo kilichozimika kingesukumwa huko. Niliogopa fimbo, lakini nilimwogopea kaka zaidi.

"Baba, nimekudanganya. Plagi ilikuwa nyeupe."

Hakunigombeza. Aliangusha spana, akaita jirani yetu mwenye boti, wakaondoka. Nilibaki ufukoni nikilia, nikihesabu mawimbi ili nisifikirie kitu kingine.

Walirudi na kaka, bega limechubuka, pikipiki ikivutwa kwa kamba. Walipofungua injini walikuta pistoni imetoboka. Kaka alikiri kwamba naye aliiona rangi ile akanyamaza kwa sababu ya tamaa. Baba alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba chombo hakitagusa maji tena mpaka kabureta irekebishwe mbele ya macho yake.

Kisha akaketi karibu nami.

"Mwanangu, ungeniambia ukweli asubuhi, ningetumia spana tu, yakaisha. Uongo wako umenipeleka majini kumtafuta mwanangu, sijui kama yu hai. Boti imemfikia akiwa hatua chache tu kutoka kwenye miamba. Umechelewa kusema, lakini umesema. Ndiyo maana leo tutakula sote."